Majani Yepi

Aibu yangu naisimulia mwenyewe, maana nikiwaachia wengine wanaitia chumvi, na hii jamani haitaki chumvi, imekolea tangu jikoni. Basi nawaambia mapema, ili mkisikia mitaani msishtuke: mie ndiye yule Idrisa aliyewahutubia kina mama wa Kiponda faida za bangi, saa nne ya asubuhi, ndani ya skuli, mbele ya mama mkwe wangu. (Wakati ule alikuwa hajawa mama mkwe, na ndiyo hasa balaa lenyewe.)

Mie nafanya kazi kwenye duka la kuchapisha kule Mpendae, kadi za harusi, vibandiko vya chupa za juisi, mitihani ya skuli, kila kitu, na nilisomea masoko, jambo ambalo mama yangu hulitaja kila akipata mtu wa kumsikiliza hata kama ni muuza samaki mwenye haraka zake. Nasra ni mwalimu, tulijuana alipoleta mitihani ya darasa la tano nikaichapisha kurasa zikiwa juu chini, akarudi kunigombeza, na nikapenda namna alivyogombeza. Barua ya posa ilishapelekwa kwao, wiki ya tatu hiyo, kimya. Sasa nyinyi mnajua posa kwetu haijibiwi upesi, watu wanamchunguza muoaji kwanza, wanauliza huku na huku, anasali, ana hasira, anakunywa, anavuta, na mwenye neno la mwisho katika nyumba ile ni Bi Rukia, mama yake Nasra, mjane, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama kinachokausha mchaichai na viungo kikawauzia wageni. Walii wa Nasra, wa kumuozesha, ni baba yake mdogo, Mzee Saidi, lakini Mzee Saidi mwenyewe hakohoi mpaka amtazame shemeji yake.

Kwa hiyo siku Bi Rukia aliponiletea ujumbe wa sauti kwenye simu, niliacha mashine inazunguka peke yake. Niliusikiliza mara nne. Alisema hivi: "Idrisa mwanangu, Jumamosi kina mama wangu wanakutana pale skulini kwa Nasra. Wanataka mtu wa kuwaelezea soko la vinywaji vya majani, huko nje wenzetu wanafanyaje. Weye si umesoma mambo hayo? Na uje na cha kuonja, watu wasisikilize na makoo makavu."

Nikajua huu ndio mtihani wa posa. Nikipita hapa nimeoa, nikianguka hapa nachukua barua yangu.

Sasa pale dukani nafanya kazi na mwenzangu mmoja, Makame, mtu wa Tumbatu, fundi mzuri wa mashine na mshauri mbaya wa kila kitu kingine. Naye aliusikia ujumbe. Akaweka karatasi chini, akaniuliza taratibu, "Majani? Bi Rukia kasema majani?"

"Kasema majani."

"Yule mama kumbe wa kisasa, yakhe. Huko nje siku hizi wanatia bangi kwenye soda, kwenye chai, kwenye maji yenye mapovu. Mie nshaona kwenye simu. Ndiyo biashara inayokuja."

Na hapo ndipo penyewe, hapo ndipo nilipotakiwa kupiga simu moja, dakika moja, nimwambie shikamoo Bi Rukia, samahani, hayo majani ni majani yepi? Maana kwetu majani ni majani ya chai, na majani ni ya ng'ombe, na majani ni hayo mengine ambayo vijana wa vichochoroni hawayaiti kwa jina lake. Nikaishika simu kabisa. Kisha nikawaza, ataniona mshamba, mtu kamaliza masoko hajui majani, mwanamme gani huyu wa kumpa mtoto. Nikaiweka simu mfukoni. Kila kilichonipata baada ya hapo kilitoka mle mfukoni.

Nikasoma mtandaoni siku tatu mfululizo, na nasema kweli, nilisoma vizuri. Nilijua nchi zilizoruhusu na zilizokataza, na kwamba hapa kwetu ni haramu na ni jela (hiyo niliiandika mwishoni, chini ya kichwa "Changamoto", kana kwamba ni suala la usafiri). Nilijua kwa nini kampuni za pombe zinaikimbilia biashara hiyo, kwamba watu wengi hawataki moshi wala harufu ya nguoni, wanataka kikopo tu kama cha soda. Nilijua hata taabu ya kuitengeneza, kwamba ile dawa yake inayolevya ni ya mafuta, na mafuta na maji hayakubaliani mpaka ufundi uingie, na kwamba bado ina uchungu, kwa hiyo wanaifukia kwa ndimu na tangawizi. Mtu angenisikia angedhani nina kiwanda.

Ikabaki hicho cha kuonja. Bangi yenyewe siigusi, mie mtoto wa mama yangu, lakini nikasema nitatengeneza kinywaji cha mfano, cha rangi ya kijani na harufu nzito, watu wapate picha. Nikachemsha mchaichai, nikatia mrehani, tangawizi, sukari. Makame akaonja akasema kimepooza, tia kungumanga, kiungo hicho kinakipa kitu heshima. Nikatia. Ngapi? Sikujua zinatiwa ngapi, na mama alikuwa chumba cha pili anashona, ningeuliza tu. Nikakwangua zote zilizokuwa mkebeni.

(Najua wanawake hapa mshaanza kucheka. Subirini.)

Jumamosi nikafika skulini na madumu mawili, kompyuta na ile projekta ya kukodi, shati langu limepigwa pasi mpaka lina makali. Kina mama wamejaa, wameketi kwenye madawati ya watoto magoti yakiwa juu. Bi Rukia mbele. Pembeni yake Bi Kazija, mkubwa wao wote, ambaye zamani alikuwa somo wa kuwafunda maharusi na hadi leo akikutazama unahisi umekosea kuvaa. Nasra alikuwa nyuma, karibu na meza ya vikombe, akanitazama mara moja tu akaangalia kando akitabasamu, na kwa tabasamu lile ningehutubia hata Umoja wa Mataifa.

Umeme ukakatika. Bila umeme projekta haiwaki, na bila projekta mie sina hotuba, kwa hiyo Bi Rukia akasema basi watu waanze kuonja wakati tunangoja. Nasra akamimina. Wakakipenda. Wakarudia. Bi Kazija alikunywa vikombe vitatu, akasema kinateremka. Umeme ulikaa zaidi ya saa nzima kurudi, na uliporudi dumu la kwanza lilikuwa tupu na la pili limebaki chini tu, na kina mama wawili watatu walishaegemeza vichwa ukutani, nikasema hili joto.

Nikaanza. Neno lenyewe, bangi, sikulitaja, mbele ya watu wazima nalitajaje, nikawa nasema "majani" tu, kwa adabu, nao wananiitikia vizuri.

"Kina mama, huko nje vinywaji vya majani vimeshika soko. Watu wanaacha pombe wanahamia kwenye majani. Mtu atoke kazini, anywe kikombe, roho itulie, alale."

"Ndivyo," akasema Bi Rukia. "Hata wageni wetu wanasema hivyo. Wakinywa wanalala mpaka asubuhi."

Nikasita. "Mshaanza kuwauzia wageni?"

"Mwaka wa nne huu."

"Na mnayapata wapi?"

"Tunalima wenyewe. Nna kishamba njia ya Jozani. Kima wakiingia wanayavuruga, lakini yaliyobaki yanatutosha."

(Nikawawaza kima punju wa Jozani, wale wekundu, wameketi juu ya miti na majani ya Bi Rukia tumboni, nikaona sasa nimeelewa kwa nini huwatazama watalii kwa macho yale mazito.)

Nikasogea karibu kidogo, nikapunguza sauti. "Na sheha hana neno? Mtaa si wake?"

"Sheha ndiye mteja wetu wa kwanza. Asipoyapata hapati usingizi."

"Na maalim wa chuo cha Kurani?"

"Yeye anataka yenye tangawizi."

Wallahi nilijiona mshamba wa mwisho katika kisiwa cha Unguja. Mji mzima unakunywa na mie niko Mpendae nachapisha kadi. Bi Kazija akanyoosha mkono, akauliza kwa sauti yake ile nzito, "Hao wa huko nje, wakishakunywa wanarudi kununua tena? Maana mie mtu akinunua pakti yangu simuoni tena."

"Wanarudi, bibi, tena mbio. Labda yako unamkolezea sana."

Wakacheka, Bi Rukia naye akacheka, akamgonga Bi Kazija begani, na nikaona posa imejibiwa pale pale. Nikapata ujasiri. Nikaweka picha ya jani lenyewe, kubwa, ukuta mzima, na vidole vyake saba.

"Kisamvu hicho," akasema mama mmoja.

"Kinafanana tu," nikasema, nikabonyeza inayofuata, ambayo niliipamba mwenyewe kwa maandishi ya kijani: SOKO LA VINYWAJI VYENYE BANGI NA FURSA KWA UNGUJA.

Kule nyuma Nasra alisimama. Alianza kunipungia mikono yote miwili kutoka juu kwenda chini, nikadhani ananiambia sauti haifiki, basi nikavuta pumzi nikasoma kwa nguvu, neno kwa neno, na lile neno nikalitoa kifuani kabisa, mpaka wanafunzi waliokuwa wakicheza mpira uwanjani wakasimama.

Bi Rukia akausoma ukuta, kisha akanitazama mie.

"Umesema nini?" Bi Rukia akauliza.

"Bangi, Bi Rukia. Majani."

"Majani ya chai, Idrisa. Mchaichai. Mdalasini. Majani ya kunywa." Kisha nikamuona anageuka polepole kukitazama kikombe kilichokuwa mkononi mwake. "Na hichi ulichotunywesha?"

Sasa kama kuna mtu aliwahi kujibu swali vibaya duniani ni mie. Nilitaka kusema hiki hakina kitu. Ulimi ukatoa, "Hicho cha mfano tu."

"Mfano wa nini?"

"Mfano wa... hiyo."

Ukumbi ukavurugika. Mama mmoja akaanza kutoa shahada. Mwengine akasema ndiyo maana tangu dakika ile anaona ukuta unamsogelea. Mwengine akajilaza juu ya madawati mawili, akaomba ageuzwe kibla. Wale waliokuwa wamesinzia wakaamshwa, na kuamka kwao kwa taabu ndiko kulikomaliza kila shaka. Mmoja alianza kucheka, akiulizwa anacheka nini anamnyooshea kidole Bi Kazija na kuzidi, na mwengine, Mungu amsitiri, akampigia simu mumewe kumuomba radhi kabla hajafa, akamwambia yule jogoo wako hakuibiwa, nlimpika mie, ulimla weye mwenyewe ukamsifu. Mume yule badala ya kuja akampigia sheha.

Mie nilikuwa nimeshika kile kidude cha kubadilisha picha, nakibonyeza bila kujua, na nyuma yangu ukutani zinapita picha moja moja: Wateja Wetu, Ladha, Mbinu za Kufungasha.

Sheha akaingia amevaa kanzu na kofia yake, akatazama wanawake waliolala, akatazama ukuta (wakati huo umefika kwenye "Changamoto: Jela"), akanitazama mie. "Nani kawaletea watu bangi skulini?"

Nasra akasimama mbele yangu. Naye alikuwa na la kupoteza, maana ukumbi ule ni yeye aliyeuomba kwa mwalimu mkuu, kazi yake nayo ilikuwa mle mle kwenye dumu. Akasema, "Sheha, hakuna bangi. Namjua mtu huyu, hana akili ya kuipata."

Maneno hayo nimeyaweka moyoni hadi leo. Sijawahi kutetewa hivyo.

Aliyeniokoa hasa ni Bi Kazija. Yeye hakulala wala hakupiga kelele, alikuwa ameketi na kikombe chake anakinusa, anakionja kwa ncha ya ulimi, ananusa tena. Kisha akasema, "Kungumanga."

Watu wakamgeukia.

"Kungumanga hii. Nani kamwachia mwanamme mkebe wa kungumanga? Hii ndiyo tuliyokuwa tukitiliwa kwenye uji siku za harusi tusione haya kucheza. Lakini kidogo, mwanangu, kidogo. Hapa umetilia harusi za Mfunguo Mosi mpaka Mfunguo Tatu, miezi mitatu mizima." Akakiweka kikombe chini. "Nshakunywa vitatu. Mie leo silali, na mume wangu simtaki."

Sheha akanusa, akakubali, ila kwa usalama wa shehia akaniamuru ninywe vilivyobaki mbele yake. Nikanywa vikombe vinne nikiwa nimesimama wima. Mchana kutwa mdomo ulikuwa mkavu na kichwa kizito, na nilipofika nyumbani nikalala mpaka siku ya pili adhuhuri, mama akidhani nimepata jibu baya la posa.

Lakini kabla sijaondoka, Bi Rukia aliniita kwenye ngazi za skuli. Nilitegemea anipige. Angenipiga ningeshukuru. Aliniuliza taratibu tu, "Ulipopata ujumbe wangu, hukuona kama neno lile lina maana mbili?"

"Niliona."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliona haya, Bi Rukia. Nilidhani utaniona mjinga."

Akazikunja pembe za mtandio wake. "Mie mwanangu sitamzuia kuolewa na mjinga. Baba yake alikuwa mjinga wa mambo mengi na nlimpenda. Lakini mtu anayeona haya kuuliza neno moja, mwanangu akiumwa kwake atamuuliza nani? Chumvi ikimwishia atakisia?" Kisha akaniambia barua yangu ataiweka, hairudishi na haijibu, mpaka nimletee hotuba aliyoniagiza.

Hilo liliniuma zaidi ya sheha, kwa sababu lilikuwa kweli. Nilikwenda nyumbani na madumu yangu matupu, na nilijua kwa mara ya kwanza kwamba ningeweza kumkosa Nasra, na nisiweze kumlaumu mtu.

Miezi miwili nikawa mtu wa kuuliza. Nilikwenda shambani kwake njia ya Jozani nikauliza mchaichai unakatwa lini, unakaushwa juani au kivulini, nikamuuliza Bi Kazija kungumanga inatiwa ngapi (akanipiga kofi la mgongo kwanza, kisha akanambia robo, kwa sufuria zima). Nikarudi ukumbini kuhutubia soko la majani ya chai, kina mama wale wale, na kila nilipotamka "majani" walikuwa wanaangua kicheko, mpaka nikamaliza hotuba nzima nikisema "hayo". Mama wa jogoo alileta kikombe chake mwenyewe kutoka nyumbani. Na wiki ile posa ikajibiwa.

Mngedhani mkasa umeishia hapo. Nami nilidhani.

Siku ya nikahi, nyumbani kwao Kiponda, wanaume barazani na ukumbini, wanawake ndani nyuma ya pazia, shehe yuko kati, mkono wangu umeshikwa na walii, Mzee Saidi, aliyetaka kuozesha kwa mdomo wake mwenyewe. Sasa Mzee Saidi naye ana binti, na binti huyo pia ni Nasra, walipewa wote jina la bibi yao, yule anaishi kwa shangazi yake huko Mpendae na bado hajaolewa. Na mzee wetu, kwa furaha au kwa woga wa watu, akanikaza mkono akasema, "Nimekuozesha mwanangu Nasra kwa mahari tuliyokubaliana."

Mie nilitakiwa kusema neno moja. Nimekubali. Kila mtu ukumbini ananingoja, Makame kanishikia kofia, mpiga picha kaelekeza. Nikafungua mdomo, na miezi miwili ya mafunzo ikatoka yenyewe.

"Nasra yupi?"

Kuna aliyeguna. Makame akafunika uso na kofia yangu. Mzee Saidi akabaki ananitazama, mkono umelegea, na nilitamani ile sakafu ya chokaa ifunguke nishuke na joho langu. Kisha shehe akapandisha miwani, akasema, "Hebu ngoja. Mzee Saidi, huyu aliyezaliwa na marehemu kaka yako, au wako wa kumzaa?"

Mzee Saidi akafikiri. Akaweka mkono kichwani. "Astaghfirullah," akasema, "wa kaka."

"Basi mtaje na baba yake," akasema shehe. "Bwana harusi kauliza la maana. Tungemuozesha asiye wake."

Hapo kutoka nyuma ya pazia nikaisikia sauti ya Bi Rukia, haikujificha hata kidogo, ukumbi mzima uliisikia: "Huyo ndiye mkwe wangu."

Ikarudiwa upya, jina na baba yake, nikakubali. Nasra hadi leo hajanisamehe, anasema hakuna mwanamke duniani aliyeolewa na mtu aliyetaka kujua kwanza ni nani. Mie namwambia ndiyo maana nilikupata weye. Lakini najua ananitania tu, maana kila asubuhi akichemsha maji ananiita toka jikoni, "Idrisa, nitie majani?" na mie, na umri wangu huu na elimu yangu ya masoko, nikiwa bado kitandani nusu usingizini, lazima nimuulize yepi.